Nani Aliyeua Kuvumwani Zangu?

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare za shule, nilipiga magoti nyuma ya nyumba yetu mtaani Kiseke na kuvinyunyizia maji visahani vyangu tisa. Humo nilikuza kuvumwani, ile mimea midogo laini inayoota kwenye mawe yenye unyevu. Niliibandua mlimani kipande kwa kipande. Majirani walinicheka: "Prudencia anafuga ukungu!" Nami nilinuna, kwa sababu mimi na hasira tulikuwa chanda na pete.

Jumamosi moja nilikuta visahani vyote vimegeuka rangi ya kahawia. Hatua chache tu kutoka hapo, Maige, mtoto wa jirani niliyesoma naye darasa la sita, alikuwa akiosha baiskeli kwa sabuni. Sikuuliza. Nilimrukia.

"Umezimwagia sabuni!"

"Mimi? Sijazigusa!"

Nilimpiga ngumi ya pua. Akanisukuma, tukaanguka, tukabiringishana kwenye changarawe. Aliniuma bega, nikamvuta sikio mpaka akapiga yowe. Alipojinasua na kukimbia, niliokota jiwe nikamtupia. Aligeuka kutazama nyuma, likampata juu ya jicho. Damu ilimtiririka mpaka kwenye shati, akakaa chini akitetemeka. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, na hadi leo naona aibu kusema hivyo.

Maige alishonwa nyuzi nne. Jioni mama alinikalisha jikoni.

"Tangu mvua ilipokatika, unanyunyizia maji gani?"

"Ya ndoo hii ya kunywa."

Mama alifumba macho. "Maji haya nayatia dawa ya kuua vijidudu, Prudencia. Na wiki hii niliizidisha kwa hofu ya kipindupindu. Vimea vile vingeistahimili wapi?"

"Mama, tusiwaambie kina Maige," nilinong'ona.

"Basi kila ukiliona kovu lake, utakuwa unamdanganya upya."

Nilikwenda kwa kina Maige peke yangu. "Shikamoo, baba," nilimsalimu mzee Shigela, baba yake Maige.

"Marahaba."

Nilieleza yote bila kujitetea. Maige, kichwa kimefungwa bandeji hadi jichoni, alinitazama kwa jicho moja.

"Kwanza nionyeshe mikono," alisema. "Yote miwili."

Niliinyoosha. Ilikuwa mitupu, bila jiwe. Nikalia, naye akasogea, akanipisha nikae.

Mzee Shigela akasema, "Mwanangu, mvua ikinyesha kuvumwani zitaota tena. Jicho halioti. Siku nyingine uliza kabla mkono haujanyanyuka."