Safari ya Babati na Maharage ya Mzee Tluway

Jumamosi ilikuwa siku ya nyumba ya Akonaay. Katika kitongoji chao cha Endagikot, nyumba saba ziliunganisha ng'ombe wao kuwa kundi moja, na kila nyumba ilichunga siku yake. Kwa hiyo kila Jumamosi Judica, binti wa nyumba hiyo, aliamka mapema, akamsaidia mama yake kukamua, akanywa uji, akachukua fimbo na kusimama njiani kuwapokea ng'ombe wa majirani.

"Shikamoo, Mzee Tluway."

"Marahaba, mwanangu. Wangu ni sita leo. Yule ndama mwekundu ni mtundu, umwangalie."

"Nitamwangalia, mzee."

Judica alikuwa darasa la sita na kuchunga hakukumtisha. Lakini Jumamosi hiyo ya Mei, mwaka 2005, mwili wake ulikuwa malishoni na mawazo yake yalikuwa Babati.

Mwalimu Clement, aliyewafundisha sayansi, ndiye aliyeleta habari. Mjini Babati, makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, ghala la zamani la mazao lilikuwa limegeuzwa kituo cha sayansi cha watoto. Kulikuwa na hadubini za kuonea vijidudu. Kulikuwa na mashine ambayo ukiigusa nywele zinasimama. Familia zilipokelewa Jumamosi tu, na ilibidi ziandike barua kwanza. Judica aliandika yake kwa mkono wake, na wiki hiyo jibu lilikuwa limefika: familia ya Akonaay inakaribishwa Jumamosi, tarehe 18 Juni. Watu watano, wasizidi. Watoto waje na maswali yao yakiwa yameandikwa.

Watano walikuwa tayari: Baba Nikolausi, Mama Marieta, Bibi Genoveva, Judica na mdogo wake Wolfgang. Bibi alikwishatoa sandukuni kitenge ambacho hakuwahi kukivaa. Baba alikwishauliza saa ya basi. Lililobaki lilikuwa maswali, na Judica alikaa juu ya jiwe akayaandika kwenye daftari. Kwa nini maziwa yakikaa huganda? Kwa nini asubuhi ukungu hukaa bondeni? Alimaliza swali la kumi na moja. Alipoanza la kumi na mbili akanyanyua kichwa, akaona mgongo mwekundu katikati ya maharage ya Mzee Tluway.

Aliruka. Ndama alikuwa ameongoza wenzake watatu, nao walikula kama walioalikwa. Judica aliwatoa mbio kwa fimbo na kelele. Nyuma yao kona nzima ya shamba ilikuwa imelala chini.

Jioni baba yake alimuuliza, "Malishoni kulikuwaje?"

"Salama, baba. Wamerudi wote."

Ni kweli walirudi wote. Judica alijipa moyo kwa ukweli huo mdogo.

Kesho yake Mzee Tluway alikuta hasara yake. Sasa sikiliza jinsi watu wazima, wenye akili zao timamu, walivyoamua jambo hilo. Walikusanyika chemchemini, na hakuna aliyeuliza nani alichunga jana. Macho yote yalimgeukia Gidabuday, mfugaji aliyehamia pale miaka mingi iliyopita, baada ya malisho ya kwao katika tambarare za Hanang kugeuzwa mashamba makubwa ya ngano. Ng'ombe wake hawakuwa katika kundi la nyumba saba. Walipita kando ya shamba lile wakienda kunywa maji.

"Ni yeye. Nani mwingine?" walisema majirani.

Basi! Kesi iliisha kabla haijaanza. Gidabuday alitozwa mbuzi mmoja, na njia ya kupita kando ya shamba akakatazwa. Bintiye, Jenifa, ambaye darasani alikaa dawati moja na Judica, alishindwa kuvumilia.

"Angalieni alama za kwato basi!" alisema kwa sauti kubwa. "Sisi tunapita upande wa juu. Hizi kwato zimetoka chini, malishoni!"

"Mtoto anyamaze wakubwa wakiongea," aliambiwa.

Hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama. Judica alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Alisikia kila neno, na akanyamaza.

Tangu siku hiyo ng'ombe wa Gidabuday walizungushwa mlimani ili wafike majini. Njia ilikuwa ndefu, na Jenifa aliwapeleka kabla ya shule. Alichelewa Jumatatu, akachelewa Jumanne, na kila alipochelewa alipewa adhabu ya kuchota maji ya bustani ya shule wakati wenzake wakicheza.

"Kuchelewa hakuniumi," alimwambia Judica siku moja, akijifuta matope miguuni. "Kinachoniuma ni kwamba hawakuangalia. Wangeangalia tu!"

Judica akamwazima kalamu, kana kwamba kalamu ingetosha.

Wiki moja kabla ya safari, jioni ng'ombe walipokwisha kurudi, Baba Nikolausi alikumbuka jambo. "Tarehe kumi na nane ni Jumamosi. Nani atachunga?"

Utaratibu wa nyumba saba ulikuwa kwamba zamu hubadilishwa na nyumba inayofuata tu, ili hesabu isivurugike. Jumapili ilikuwa siku ya Mzee Tluway. Judica alitumwa kumwomba. Alipiga goti, akaamkia, akaomba kwa adabu zote alizofundishwa. Mzee alitikisa kichwa.

"Haiwezekani."

"Mzee, ni siku moja tu."

"Nimesema haiwezekani. Nenda salama."

Judica alirudi nyumbani akipiga hatua kubwa, machozi ya hasira yakimlenga. Aliingia jikoni bila hata kubisha hodi.

"Mzee Tluway ana roho mbaya!" alisema. "Siku moja tu! Sisi tunachunga ng'ombe wake sita mwaka mzima, mvua yetu, jua letu! Yeye siku moja hawezi! Hataki watoto wa wenzake waone kitu!"

"Chunga mdomo wako," mama yake alimwonya. "Amesema sababu?"

"Hakusema kitu!"

"Basi nitakwenda mimi," alisema baba yake.

Baba Nikolausi hakukaa sana. Aliporudi alivuta kigoda, akakaa. "Mzee ana sababu. Maharage yake yaliliwa Jumamosi, kwa hiyo kila Jumamosi analinda shamba mwenyewe. Jumapili yupo mwanawe. Akienda kuchunga siku yetu, shamba litabaki bila mtu. Amesema tukitaka kulaumu, tumlaumu Gidabuday."

Bibi Genoveva aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Huyo Gidabuday! Amekula maharage ya watu, sasa ametuharibia na safari yetu! Watu gani hawa?"

"Watu gani hawa?" Wolfgang naye akadakia, ana miaka minane, hajui hata anachokisema.

Judica alimtazama mdogo wake. Hasira yote aliyokuja nayo ilikosa pa kwenda, ikamrudia yeye mwenyewe.

"Si yeye, bibi," alisema.

"Si yeye nini?"

"Si Gidabuday aliyeingiza ng'ombe. Ni mimi. Nilikuwa naandika maswali ya Babati. Yule ndama mwekundu aliingia na wenzake watatu. Niliwatoa, nikanyamaza."

Mama Marieta alifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Baba Nikolausi hakunyanyua mkono wala sauti, na Judica angeona nafuu kama angemgombeza.

"Ulikuwepo pale chemchemini?" aliuliza.

"Nilikuwepo."

"Ukamwona Jenifa akinyamazishwa?"

"Nilimwona, baba."

"Vaa sweta lako. Twende."

Walianza kwa Mzee Tluway. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akapandwa na hasira, akafungua mdomo kusema, kisha akaufunga. Bila shaka alikumbuka kwamba ndama alikuwa wake, na kwamba kuna mtoto aliyemsihi atazame kwato. Alichukua kofia yake, wakaenda watatu.

Gidabuday aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni kwake, shuka begani. Hakuwakaribisha ndani.

"Wiki nne," alisema. "Wiki nne watoto wenu wananiita mwizi wa maharage njiani. Mbuzi mtarudisha, najua. Mtamfunga kamba mtamleta. Na jina langu je, mtalifunga kamba gani mlilete?"

"Nisamehe, Gidabuday," alisema Mzee Tluway.

"Hapa nyumbani kwangu, pasipo mtu? Mlinihukumu chemchemini, watu wote wakisikia. Semeni chemchemini, watu wote wasikie."

Alikuwa na haki, na wote watatu walijua.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Watu walipotoka kanisani walikusanyika chemchemini, na Judica akasimama mbele yao. Alieleza yote: daftari, ndama, fimbo, na lile neno "salama". Baada yake Mzee Tluway alivua kofia.

"Huyu mtoto amekosa," alisema. "Lakini yeye ni mtoto. Sisi tulikuwa wakubwa ishirini hapa, na hakuna aliyeinama kutazama kwato. Nilimhukumu jirani kwa sababu ilikuwa rahisi. Mbuzi wake huyu hapa, na njia ni yake kama zamani." Akamgeukia Baba Nikolausi. "Na Jumamosi nitawachungia mimi. Nendeni Babati."

Safari ikawa imepona. Judica angeweza kushukuru, kwenda nyumbani na kupiga pasi gauni lake. Lakini alimwona Jenifa amesimama kando ya baba yake, mikono ameikunja, hajacheka wala hajalia.

"Baba," alisema Judica, "barua imesema watu watano wasizidi. Nafasi yangu apewe Jenifa. Mimi nitachunga zamu yetu."

"Binti yangu hapozwi kwa safari!" Gidabuday alikatisha, macho makali.

"Sipozwi, baba," alisema Jenifa. "Hasira yangu bado ninayo. Nitakwenda kwa sababu nataka kuona hadubini."

Gidabuday alimtazama bintiye, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nne. "Haya. Nenda ukaone."

Judica alimpa Jenifa daftari la maswali. Jumamosi basi la saa kumi na mbili liliondoka bila yeye. Usidhani moyo wake ulikuwa mweupe. Alilia kidogo akiwa peke yake, kwa sababu alikuwa ameisubiri siku hiyo kuliko Krismasi. Kisha aliwahesabu ng'ombe, akawahesabu tena, na jiwe lake hakulikalia. Mchana Mzee Tluway alimletea viazi vya kuchemsha. Walikula wakiwa wamesimama, macho kwa ndama mwekundu.

Jioni wasafiri walirudi na vumbi la barabara ya Dareda hadi kwenye kope. Wolfgang alipiga kelele kuhusu nywele zake. Bibi Genoveva alitangaza kwamba ameona kwa macho yake vidudu vinavyoogelea ndani ya tone la maji, na kwamba kuanzia leo, nyumbani kwake, maji yasiyochemshwa hanywi mtu. Gidabuday alikuwa amekuja kumpokea bintiye, na safari hii alikaribishwa ndani akakaa.

Jenifa alimrudishia Judica daftari. Chini ya kila swali kulikuwa na jibu, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka.

"Nimeuliza yote kumi na moja," alisema. "La kumi na mbili nimeshindwa. Umeandika 'Kwa nini ng'ombe', halafu basi. Ng'ombe wamefanya nini?"

Judica alitazama yale maneno matatu. "Hapo ndipo walipoingia kwenye maharage."

Jenifa aligusa ukurasa kwa kidole. "Limalizie," alisema. "Ukaulize mwenyewe. Hadubini moja inafaa watu wawili, nimeona."

"Andikeni barua nyingine," alisema Gidabuday kutoka kwenye kigoda chake. "Siku hiyo ng'ombe niachieni mimi. Wangu na wenu."

Baba Nikolausi aliweka mkono juu ya kichwa cha Judica.

"Yule dada wa kituoni alituambia kwamba mwanasayansi huangalia kwanza, halafu husema kile alichokiona," alisema. "Nilikaa pale nikaona aibu. Sisi wakubwa tulisema bila kuangalia. Wewe uliangalia, ukaona, na hukusema. Makosa ni mawili, lakini aliyeumia ni jirani yule yule. Ukiona ukweli, mwanangu, useme siku hiyo hiyo. Kila siku unayokaa nao kimya, kuna mtu anazunguka mlima kwa ajili yako."

"Ndiyo, baba," alisema Judica.

Akachukua kalamu na kusogea, ili Jenifa naye apate nafasi kando yake. Akamalizia swali la kumi na mbili.