Melania Hauzi Dhahabu

Kila mwaka viazi vikikomaa, uani kwa Melania hapana pa kukanyaga. Kuna maturubai, kuna mabeseni, kuna maganda kila kona. Melania hukata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika mpaka vikauke, viwe michembe. Vingine huvichemsha kwanza, ndipo huvikata na kuvianika. Hayo ndiyo matobolwa. Kazi hii alifundishwa na mama yake, na hapo Ushirombo kila mtu anajua kwamba michembe ya Mama Nelly, kama wanavyomwita, haina mchanga.

Mwaka huu alipata mteja mkubwa. Hosiana, mwenye duka Mwanza, alionja michembe hiyo kwenye harusi, akasema atachukua magunia yote kumi na mawili. Melania alifurahi sana. Mumewe Sostenes, fundi wa baiskeli, akashauri watafute na wateja wengine mtandaoni. Hapo ndipo Davis alipoingia.

Davis ni mdogo wake Sostenes. Anachimba dhahabu Mwakitolyo. Mtandaoni amejiandika Mkurugenzi wa Madini, ingawa hata shimo analoshuka si lake. Alijitolea kumfungulia shemeji yake ukurasa. Melania akampa simu, akaendelea kumenya viazi. Hakuuliza ameandika nini. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na mpaka leo akilikumbuka anajikasirikia.

Baada ya wiki mbili, wanaume asiowajua walianza kumpigia simu. Walitaka kujua bei ya gramu. Melania aliwajibu kwamba yeye hauzi kwa gramu, anauza kwa debe. Walicheka, wakakata simu. Kisha akapiga mwingine, mwenye sauti ya upole. Huyu hakuuliza bei.

"Nelly hajambo?" alisema. "Bado anasoma ile shule ya karibu na kanisa?"

Kisu kilimponyoka Melania. Nelly ana miaka minane. Yule mtu amemjuaje?

Jioni ile ile Hosiana alituma ujumbe. Aliandika kwamba hakujua kuwa Mama Nelly ni dalali wa dhahabu, na tapeli juu yake. Magunia hayataki tena. Akaambatanisha picha ya ukurasa ulioitwa Melania Gold, ambao watu walikuwa wakitumiana kwenye kundi la wafanyabiashara. Juu yake mtu aliandika: Jihadharini na mwizi huyu.

Melania hakulia. Alikasirika mpaka masikio yakamwasha. Magunia kumi na mawili yalikuwa yamejaa sebuleni, na mvua zilikuwa karibu. Unyevu ukiingia, michembe huota ukungu. Dumuzi naye, yule mdudu mtoboa nafaka, hasubiri kukaribishwa. Lakini zaidi ya magunia, kilichomuuma ni lile neno, mwizi. Hajawahi kuchukua hata sindano ya mtu.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Eunice, wakala wa fedha za simu pale stendi. Eunice alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku ameyauma meno. Kisha akaweka simu mezani.

"Nisomee kila kitu alichoandika Davis," alisema. "Usiruke neno."

Eunice alisoma. Melania Gold, Malkia wa Madini, Geita. Dhahabu safi, bei poa. Palikuwa na picha ya viganja vilivyojaa dhahabu, na ya mwanamke mwenye nywele ndefu za bandia ambaye Melania hajawahi kumwona. Chini zaidi alikuwepo Nelly mwenyewe, amevaa sare, jina la shule linasomeka kifuani. Na nyumba yao pia ilikuwepo, mpaka mlango.

"Uongo ameuweka panapotakiwa ukweli," Melania alisema polepole. "Na mtoto wangu amemwanika kama viazi."

Eunice hakumwambia atulie. Alimwambia ana haki ya kukasirika, kisha akamweleza. Picha ile ya dhahabu Davis aliiokota mtandaoni, na matapeli nao huiokota huko huko. Huenda aliyeandika onyo alishalizwa na mtu aliyeitumia, akadhani Melania ndiye yule tapeli. Tena dhahabu ina leseni yake na soko lake. Ukijitangaza kuwa unaiuza na huna leseni, hata serikali inaweza kukuita uieleze.

"Halafu kuna jina," Eunice aliendelea. "Mteja akitaka kukutumia hela, simu inamtajia jina la mwenye laini. Ukurasa unasema Melania Gold, simu inasema Melania Maige. Mimi nikiona hivyo, situmi."

"Kwa hiyo niseme nini?"

"Sema ulivyo. Jina lako, kazi yako, mji wako, namba ya biashara. Sura iwe yako. Mtoto, shule, nyumba, namba ya kitambulisho, vyote hivyo visionekane. Mteja havihitaji. Anayevihitaji ni mtu mbaya."

Siku ile ile walizifuta picha za Nelly na za nyumba. Namba ya yule mpigaji waliifungia, na Melania akapita polisi kuiandikisha. Kisha akaenda shuleni kumweleza mwalimu kwamba Nelly asikabidhiwe kwa mtu yeyote ila mama yake au baba yake.

Jumamosi Davis alikuja, viatu vipya miguuni. Hakuona kosa. Alisema siku hizi kila mtu anajikweza mtandaoni, na kwamba alitaka kumsaidia.

"Shemeji, michembe ni chakula cha njaa," alisema. "Nani atakufuata? Huku kwetu ukitaja dhahabu ndiyo watu wanageuka."

Melania aliacha kumenya.

"Mama yenu alipofariki ulikula nini hapa uani, Davis? Ulikula dhahabu? Michembe hii ndiyo iliyokukuza. Kama unaionea aibu, ionee kwa jina lako. Kwa jina langu hapana."

Davis alimtazama kaka yake. Sostenes aliinama, akaendelea kuziba tairi. Hakuna aliyemtetea.

Siku iliyofuata Melania aliandika utambulisho wake mwenyewe. Wa kwanza ulijaa hasira. Ulisema sina dhahabu, sijawahi kuwa nayo, na aliyeniita mwizi aje aniombe radhi. Eunice aliusoma, akatabasamu. Akamshauri maelezo ya kosa yawe tangazo la siku moja, na utambulisho wenyewe ubaki na kile anachokifanya. Basi akafuta, akaandika tena.

"Mimi ni Melania Maige, Mama Nelly. Natengeneza michembe na matobolwa, Ushirombo. Nauza kwa debe na kwa gunia."

Eunice akampiga picha akiwa na kisu mkononi na kilemba chake cha kila siku. Tangazo la kueleza kosa walilituma kwa Hosiana, na kwenye lile kundi vilevile. Hosiana alikaa siku tatu bila kujibu. Kila siku Melania alifungua magunia, akayanusa, akayafunga. Siku ya nne Hosiana alipiga simu ya video. Hakusalimia vizuri. Alitaka aonyeshwe ua, viazi na magunia. Melania alimwonyesha vyote. Kisha akakaa chini, akachukua kiazi, akakikata mbele yake.

Hosiana alitazama mikono ile. "Basi," alisema. "Gari litakuja Alhamisi. Nisamehe, mama. Nami nitawaeleza wale wa kundi." Akaongeza asante ya Kisukuma, "Wabeja."

Alhamisi gari lilikuja kweli. Davis alibeba magunia yote kumi na mawili peke yake, na hakuomba hata soda. Alipomaliza, alimpa shemeji yake simu asome. Neno Mkurugenzi lilikuwa limefutwa. Sasa paliandikwa: Davis, mchimbaji mdogo, Mwakitolyo. Shemeji wa Melania wa michembe.

Melania alisoma mara mbili, akamrudishia.

"Mstari wa kwanza ni kweli, uache," alisema. "Wa pili ufute. Nikikusamehe, nitakuambia uuandike."