Pumzi ya Mhandisi Badrani

Ukuta wa kioo ulivuta pumzi ya mtu, ukaisoma, na baada ya sekunde tatu ukawaka nukta za mwanga. Ya kijivu ni kirusi cha korona kilichokufa. Nyekundu ni kirusi hai, kinachoweza kuambukiza. Vipimo vya zamani havikujua tofauti hiyo. Vilikuta mabaki tu, vikamfungia wiki nzima mtu aliyekwisha kupona. Mwaka huu wa 2091, ukuta huo, kisomapumzi, ndio ulioamua nani atoke karantini Tanga nzima.

Aliyekiunda, Mhandisi Badrani Shekue, leo alikuwa mfungwa wake katika chumba cha karantini hospitalini. Sheria aliiandika mwenyewe: pumzi mbili safi, zipishane siku mbili. Ya jana ilikuwa safi. Ya pili ni kesho.

Simu ikalia. Ni mkewe Zulekha, kutoka wodi ya wazazi, ghorofa ya chini ya hospitali hiyohiyo.

"Haya, baba mtu, binti yako kaja! Nimewazuia wote wasimwadhinie. Njoo wewe, upesi!"

"Nashuka, mke wangu. Sasa hivi!"

Nambari ya siri ya mlango aliijua yeye peke yake. Kikohozi kimekwisha, homa hana, hata hamu ya pilau imerudi. Siku moja tu, jamani! Akabonyeza tarakimu tano. Kabla ya ile ya sita nafsi ikamsuta, akarudi kupuliza ukutani.

Kijivu. Kijivu tupu, maelfu. Halafu, katikati, nukta moja nyekundu.

"Subhanallah!" Akasogea hadi pua ikagusa kioo. Kitu ambacho hata vikipangwa mia tano havifiki unene wa unywele, na ukuta alioujenga mwenyewe umekiona! Fahari na hofu vilimshika kwa pamoja. "Jana ulijificha wapi, wewe?"

Ugonjwa ulikuwa unarudi kimyakimya. Akazifuta zile tarakimu, akampigia mkewe.

Zulekha alimsikiliza, akalia kidogo, akajifuta machozi. "Basi sema wewe, mimi nifuatishe. Mimi nimepimwa asubuhi, ni safi."

Badrani akasimama wima mbele ya simu, akielekea ukuta wa kioo, akaanza kuadhini. Zulekha akawa anarudia kwa kunong'ona katika sikio la kulia la mtoto. Kichanga kikaacha kulia.

Kila neno tukufu lililomtoka Badrani lilitua kwenye kioo pamoja na nukta nyekundu: mbili, nne, tisa. Aliadhini hadi mwisho, huku akivihesabu virusi ambavyo binti yake hakuvivuta.