Joho Nililomvalisha Violet

"Huo mkono unafanya nini begani kwako?"

Niliuliza hata salamu sijaitikia. Asukile alikuwa amekaa upande wa pili wa kaunta, ametoka Mbeya asubuhi na flashi mfukoni, na mimi nilikuwa nimeshaikuza picha hadi kucha za yule dada zikajaa kioo cha kompyuta. Kucha nyeusi!

"Mkono gani, Mati?"

"Huu hapa. Au siku hizi unaota vidole begani?"

"Huyo ni Violet, ndiye anayeimba. Mpiga picha alituambia tusogeleane."

"Kusogeleana ndiyo kuegemeana?"

"Matilda, hii ni bendi ya roki, siyo picha ya kipaimara."

Akacheka. Mimi sikucheka. Jamani, kama hujawahi kuchumbiwa na mwanaume wa Mbeya na wewe uko Iringa, usinihubirie habari za kuaminiana. Nina steshenari na studio hapa Ipogolo, barabarani kabisa. Napiga picha za paspoti na kutengeneza makava ya albamu za kwaya. Asukile anapiga gitaa kwenye bendi inaitwa Radi Kavu, na wazee wake walikuwa waje kwetu Kalenga mwezi uliofuata kujitambulisha. Miaka miwili nimeingoja siku hiyo.

"Kava nataka unitengenezee wewe," akasema. "Liwe jeusi, la kutisha kidogo. Mtu akiliona tu ajue hawa wanapiga roki, hata kabla hajasikia. Bango la uzinduzi litatoka humo humo."

"Na huyo dada nimweke wapi?"

"Katikati. Yeye ndiye sauti."

"Sawa, mpenzi," nikasema. Moyoni nikasema, subiri.

Wanaojua kazi za steshenari wanajua: mteja akija na fulana yake anataka picha ya paspoti, tunamvalisha suti kwenye kompyuta. Kichwa chake, suti yetu. Mimi nina suti kumi na mbili, na majoho ya kwaya nilizozipiga picha nimeyahifadhi pia. Basi nikaanza na Violet. Yale mabega aliyoyaacha wazi nikayafunika kwa joho la zambarau lenye kola nyeupe, hadi kooni. Mkono nao ukapotelea humo. Nikamhamishia nyuma ya mpiga ngoma, yaani ukimtafuta lazima umtafute.

Tatizo akaonekana ametoka kanisani peke yake, wenzake na majaketi meusi. Nikaona isiwe tabu, nikawavalisha wote. Ukuta mweusi nikautoa, nikaweka maporomoko ya maji, mawaridi pembeni na njiwa wawili juu. "Radi Kavu" nikaiandika kwa herufi za dhahabu zenye mikunjo. Asukile alikuwa bado anarekodi, akanitumia ujumbe: *Nakuamini, wewe chapisha tu.* Nikachapisha. Mzigo ukapanda basi kwenda Mbeya.

Alhamisi simu ikaita.

"Matilda, hiki ni nini?"

"Kava."

"Njiwa wa nini? Mbona tumekuwa kwaya ya vijana? Mabango yameshabandikwa mji mzima, na uzinduzi ni keshokutwa!"

"Nisamehe, mpenzi. Mazoea. Mkono umezoea kwaya."

Akashusha pumzi.

"Basi. Nitawaelewesha wenzangu kwamba ni mazoea. Uje tu Jumamosi."

Alinitetea, na mimi nilikuwa namdanganya. Hata hivyo nilisuka nywele, nikapanda basi.

Ukumbi ulijaa. Asukile akachungulia nyuma ya pazia akashangaa, kwa sababu walioketi walikuwa akina mama wenye vitenge, wengine na Biblia. Vijana wa roki waliliona bango wakalipita, na nani angewalaumu? Safu ya mbele kabisa waliketi watu kumi na wanne wenye majoho ya zambarau, kola nyeupe. Niliyajua majoho yale. Ilikuwa kwaya ya kwetu Kalenga, na mwenyekiti wao Mama Severina, wamekodi gari kutoka Iringa kwa sababu ya bango waliloliona kwenye simu.

Gitaa la kwanza lilipolia, mama mmoja alijifunika masikio kwa khanga. Violet akapaza sauti ile yake ya kukwaruza, na nusu ya ukumbi ikasimama. Wimbo wa pili ulipoisha walikuwa wamebaki watu kumi na moja, na Mama Severina alikuwa anapanda jukwaani.

"Kamwene, wanangu. Mimi siwagombezi. Nauliza tu, majoho yetu mmeyapata wapi?"

Violet akajiangalia, amevaa kaptula yake ya jinsi. "Majoho gani, mama?"

"Haya ya kwenye bango. Hata kiraka cha kola nilichokishona mwenyewe kinaonekana." Akageuka akaniona. "Matilda! Mwanangu, kumbe upo. Ni kazi yako hii?"

"Shikamoo, mama. Tutaongea nje."

"Marahaba. Huyu binti anaitwa nani?"

"Violet," Violet akajibu mwenyewe.

Mama wa watu akafurahi kabisa. "Violet! Kumbe ndiye wewe! Matilda alinipigia simu analia, akasema tukuombee umwachie mchumba wake. Tumekuombea Jumatano tatu."

Ndiyo, nilipiga. Sikujua maombi yatakodi gari.

Asukile akavua gitaa taratibu, akaliweka chini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuniita Mati.

"Kumbe siyo mazoea."

"Asukile, nisikilize..."

"Mwaka mzima tumeirekodi hii albamu. Ungeniambia una wivu, ningekusikiliza. Wewe umeniambia umekosea, na mimi nikasimama mbele ya wenzangu nikakutetea." Akachomoa waya wa gitaa. "Wazee wangu wasije kwanza."

Nilirudi Ipogolo. Nikampigia, hapokei. Nikaandika ujumbe mpaka nikachoka, wake ukaja mmoja tu: *Usinipigie. Sijui hata nitawaambia nini wazee.*

Wiki ya tatu niliamua kumtafuta niliyemkosea wa kwanza. Nikashuka Rujewa, nikaulizia mashine ya kukoboa mpunga ya mzee Ndalahwa, baba yake Violet. Nikamkuta Violet anafunga magunia, vumbi la pumba hadi kwenye kope. Mzuri hivyo hivyo, nikaumia tena.

"Umekuja kunivalisha nini leo?" akaniuliza.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Omba."

Nikaomba, nimesimama, sijakaribishwa kiti. Alipomaliza kufunga gunia akanitazama usoni.

"Nikwambie kitu? Hukukosea kuhusu mimi. Nilimpenda Asukile, na mwaka jana nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema kuna mpiga picha wa Ipogolo anamnyima usingizi. Nikalia siku mbili, nikarudi mazoezini. Mimi nataka kuimba, Matilda. Na wewe ukanifuta."

Nyuma ya mashine kulikuwa na vilima vya pumba zilizoungua, vyeusi kama masizi, vinatoa moshi mweupe chini chini. Nikavitazama, nikamtazama yeye.

"Violet, waite wenzako. Kava lenu liko hapa."

Walikuja kesho yake. Asukile alishuka na gitaa lake, akawasalimia wote, mimi akanipita. Nikawapanga juu ya pumba, moshi ukawafunika miguu, na majaketi yao kidogo yazame kwenye ule weusi. Nywele za Violet nikaziacha na vumbi lake. Nilipiga mbili, zikagoma kuwa roki.

"Msitazame kamera!" nikapaza sauti. "Kwaya ndiyo humtazama mtu ili imkaribishe. Nyinyi hamkaribishi mtu hapa. Tazameni moshi, tazameni chini, popote!"

Violet akatazama moshi. Mpiga ngoma akatazama chini. Nikapiga ishirini, nikapiga thelathini. Katika kila picha kulikuwa na mtu mmoja ananitazama mimi.

"Asukile, unatuharibia," Violet akalalamika.

Nikashusha kamera. "Asukile, nimesema usinitazame."

"Nimejaribu, Mati." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wiki tatu zote nimejaribu. Nimeshindwa."

Machozi yakanitoka hapo hapo, mbele ya bendi na wapakia magunia.

"Sitakudanganya tena," nikasema. "Nikiwa na wivu nitakwambia. Hata sasa ninao."

"Niambie kila siku, nitausikiliza. Wazee nitawapigia jioni, waje Jumamosi."

"Haya, mmalizane upesi," Violet akadakia, anajifuta jicho akisingizia moshi. "Geuza shingo huko, kaka, moto unazima."

Asukile akageuza shingo. Nikamwambia Violet asogee mbele kabisa, mkono wake auweke popote anapotaka. Akauweka begani kwa Asukile. Iliniuma, sitawadanganya. Nikapiga.