Godoro la Bei ya Kutupa

Godoro lilianikwa juani siku kumi, likapigwa fimbo mpaka vumbi likaisha, na bado siku ya kumi na moja, saa saba mchana, Mama Bana alipotaka kulitandika alilikuta limelowa. Hapakuwa pakubwa. Bega, nyonga, na huko chini visigino viwili, kama mtu mwenye homa alikuwa amelala pale chali. Aliinama akanusa. Dawa ya kuchua.

"Vya watu vina harufu za watu," alijisemea, akaligeuza.

Jina la Mama Bana alipewa na majirani kwa kubana matumizi, naye alilipenda. Kipande cha sabuni alikibandika kwenye mche mpya. Mumewe, fundi bomba, alivaa mashati ya mtumba, na kola zikichakaa mkewe alizifumua akazigeuza nje ndani. Godoro nene kama lile dukani asingeligusa. Alilipata kwa bei ya kutupa kwa mwanamume wa mtaa wa pili aliyekuwa akiuza vyombo vya ndani, akampa binti yake wa miaka kumi na miwili.

"Mama, kuna mtu ananisukuma," binti alisema wiki ile ile. "Nikijilaza tu, ananisukumia ukingoni. Ananiambia niondoke."

"Lala huko. Usinitafutie sababu ya kununua jingine."

Wiki ya pili miguu ya binti ikakataa kumbeba. Zahanati walimpima damu, wakampima na mkojo, wasione kitu.

Kisha mchana mmoja, Mama Bana akiwa kwenye cherehani, alisikia kikohozi chumbani, kikavu, cha mtu mzima, na alipoinuka harufu ya dawa ya kuchua ikampokea mlangoni, nzito kiasi cha kumtoa machozi, akasukuma mlango kwa vidole, akamwona binti yake ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kinywa amekifumba, na kikohozi kikaendelea vilevile, kikitoka kitandani, ambako godoro lilikuwa limebonyea katikati na shuka ikipanda na kushuka taratibu juu ya mtu asiyekuwepo.

Alimbeba mwanawe mgongoni hadi kwa mganga, mwanamke mfupi aliyewahi kuwa mkunga. Mganga alifukiza ubani, akamshika binti vidole vya miguu.

"Godoro lilikuwa la nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"La marehemu. Kaka yake ndiye aliyeniuzia."

"Ulilinunua mwenye godoro akiwa ameshakufa?"

"Ndiyo," Mama Bana alijibu.

Binti akacheka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kiume, pana, yenye mikwaruzo. "Mwongo."

"Sema kweli, mama," mganga alinong'ona. "Huyu anajua."

Basi akasema. Siku ile, mlango wa ndani ulikuwa wazi. Alimwona mwanamke amekondeana, kaketishwa kwenye saruji tupu, godoro limekwisha kutolewa chini yake. Mwanamke alimwita: "Dada, hilo ni langu. Usilichukue, nitalala wapi?" Naye Mama Bana akamgeukia kaka mtu akamwambia, "Kumbe la mgonjwa! Basi punguza nusu."

"Alilala chini siku tisa, akafa," sauti ilisema, sasa bila kicheko. "Nimekuwa naye tangu alipovunja ungo. Nilikwenda safari yangu, nikarudi nikamkuta kaburini. Kaka mtu nimemmaliza juzi. Hamjasikia kwa kuwa mlango wake bado umefungwa."

"Mtoto hana kosa," mganga alisema.

"Na yule alikuwa na kosa gani?"

Binti alianza kukohoa, na kila kikohozi kilimkunja kama kitambaa kinachokamuliwa. Mama Bana akapiga magoti.

"Mwache mwanangu. Nichukue mimi."

"Nyamaza!" mganga alimziba mdomo. "Jini haambiwi hivyo!"

Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Binti akakigeuza kichwa polepole, akamtazama mama yake kwa macho yasiyopepesa.

"Huombi nipunguze?"

Mama Bana aliuondoa mkono wa mganga. "Siombi."

Ubani ukazimika wenyewe. Binti akapiga chafya, akauliza kwa sauti yake mwenyewe kwa nini wamekaa gizani, akasimama, akatembea hadi mlangoni, akalalamika kwamba ana njaa. Mama yake alilia kwa furaha, akacheka, akataka kuinuka amkumbatie, na hapo ndipo aliposikia ubaridi ukipanda kutoka vidoleni, ukipita magoti, taratibu, pasipo haraka yoyote.

Mumewe aliitwa aje na mkokoteni. Nyumbani alimlaza kwenye kitanda chao, akageuka kuchukua maji. Aliporudi mkewe alikuwa sakafuni. Akamrudisha, akateleza tena, kama anayesukumwa. Mara ya tatu fundi bomba alimkumbatia kiunoni, akahisi mikono mingine, mikavu, ikimbandua vidole kimoja kimoja.

"Niache, mume wangu," Mama Bana alinong'ona, shavu kwenye saruji. "Leo ndiyo kwanza siku ya kwanza."