Boti Isiyopandika

Verdiane alipotokeza kichwa juu ya maji, kilima alichokuwa amekiacha mbele yake hakikuwapo tena. Ukungu ulikuwa umekimeza, na mvua ya mawe ilipiga ziwa kwa kishindo cha maharagwe yanayomwagwa kwenye sinia. Kamba ya nanga ilikuwa imekatika. Boti ilisukumwa na mawimbi, inazidi kwenda mbali.

Walikuwa wamekuja kwenye maziwa ya Mokoto kuijaribu boti hiyo. Verdiane, binti wa wafugaji wa Mushaki, alikuwa amejifunza huko Goma kuzama kwa chupa za hewa. Yeye na mwenzake Karangwa walitafuta boti ndogo ya kupeleka wageni wanaopenda kutembelea chini ya maji. Hii ya Papa Straton, mzee aliyetaka kuiuza, ilikuwa nyembamba, nyepesi, inakata maji kama kisu. Waliikagua nchi kavu wasione kasoro, kisha wakazama, mzee akabaki ndani yake.

Karangwa akaibuka karibu yake. Waliogelea kwa nguvu zote mpaka wakaifikia. Karangwa akashika ukingo, akajivuta juu. Papo hapo boti ikalala ubavu. Maji yakaingia, chupa ya akiba ikabingirika na kumpiga Karangwa begani, na Papa Straton akaanguka magoti humo ndani.

"Achilia, kaka," Straton alisema, sauti imemkauka. "Maji iko naingia."

"Washa moteri, Papa," Verdiane alisema.

"Imekunywa maji. Haitaki."

"Unajua kuogelea?"

Mzee alitikisa kichwa. "Sijui, mutoto yangu."

Karangwa alikuwa ameukamata ukingo tena kwa mkono mzima, ule mwingine ukining'inia. Midomo yake ilikuwa ya buluu. "Niko nasikia baridi sana," alisema. "Nijaribu mara moja tu."

"Ukipanda, Papa anakufa. Tunabaki mu maji, sisi wawili."

Verdiane alimfungua Karangwa mkanda wa vyuma vizito, kisha na wake, akaviacha vizame. Akavua gileti yake ya kuelea, akaitoa ile chupa ya hewa nayo ikaenda chini. Kisha akaijaza gileti pumzi, akamrushia Straton. Yeye mwenyewe alibaki na nguo ya mpira peke yake, ambayo ilimfanya aelee kiasi.

"Vaa hiyo. Chukua bidon, toa maji. Usisimame hata kidogo."

Hakuna ufuko ulioonekana upande wowote. Lakini asubuhi, kabla ya kuzama, alikuwa ameisoma dira iliyofungwa mkononi: kijiji walikotoka kilikuwa magharibi. Wakashika nyuma ya boti, wakaanza kuisukuma kwa mapezi ya miguuni. Kila wimbi liliirudisha. Verdiane alihesabu mateke hadi mia, akaitazama dira, akaanza upya. Misuli ya paja ilijikunja kama kamba mbichi. Mara mbili Karangwa aliacha kupiga miguu, na mara mbili Verdiane akamwita jina mpaka akajibu.

"Uko naona kitu, Papa?"

"Ukungu tu."

Wakasukuma. Mvua ya mawe ikawa mvua ya kawaida.

"Mafunjo," Straton alisema hatimaye. "Mbele yako, dada. Niko naona mafunjo."

Matope yalimpokea Verdiane magotini. Walimburuta Karangwa hadi kwenye majani, wakamfunga bega kwa shati la mzee. Straton alikaa chini akiitazama boti yake muda mrefu, gileti bado kifuani.

"Miaka kumi na mbili niko nayo," alisema. "Sikuiangaliaka kutoka ndani ya maji hata siku moja."

Wiki tatu baadaye, kando ya ziwa huko Sake, muuzaji mwingine aliwaonyesha boti pana, fupi, isiyo na uzuri wowote. Karangwa alikuwa bado amefungwa mkono. Muuzaji alianza na sifa za moteri, lakini Verdiane alikuwa amekwisha kujitwika chupa ya hewa na kuingia ziwani. Akaogelea hadi ubavuni pa boti, pale miguu isipogusa chini.

"Dada, boti wanaiangaliaka huku juu," muuzaji alimwita.

"Mimi niko naanzia huku chini," alijibu.

Akashika ukingo, akajivuta. Boti ikainama kidogo, ikatulia, naye akawa ndani.