Asumini Zilizotungwa kwa Nywele

Kilichomshtua Masouda mwanzo ni uzi. Kikuba cha asumini mbichi kilikuwa juu ya mto wa binti yake Bashayer, saa nane mchana, wakati mji mzima wa Hail umelala na hakisikiki kitu ila viyoyozi. Mlango alikuwa ameufunga mwenyewe. Alipouvuta ule uzi ili ayatupe maua, ukamkata kidole. Haukuwa uzi. Ulikuwa unywele mrefu, mweusi, umepitishwa ua kwa ua.

Akakitia kikuba pipani, akarudi kupiga pasi. Ana watoto watatu na kazi ya zamu. Hana nafasi ya kushughulika na maua.

Kesho yake vilikuwa viwili. Siku ya tatu, akimsuka Bashayer, chanuo likateleza nyuma ya sikio la mtoto. Hapakuwa na nywele. Ngozi ilikuwa laini kama kiganja.

"Nani kakukata?"

"Hajanikata, ma," Bashayer alinong'ona. "Anachuma, mmoja mmoja. Hauumi. Kasema nisifungue macho mpaka amalize."

Masouda alishuka kwa mama mkwe wake, Bi Khole. Bibi alizima televisheni katikati ya tamthilia, jambo ambalo Masouda hajapata kuliona.

"Asumini za sherehe mlichuma wapi?"

"Kwenye lile gofu, nyuma ya mitende."

"Mlimbakishia mwenyewe konzi yake?"

Masouda akamweleza yote. Kila mwaka, kabla joto halijaanza, wanawake wa ukoo hufanya sherehe, hukusanyika kuchuma asumini na kutungiana vikuba, na kila mwaka Bi Khole huwaonya wasiuache mti mtupu, wambakishie jini mwenye mti. Safari hii vikuba havikutosha. Masouda, miguu inamuuma na jua linakuchwa, alimpandisha Bashayer ukutani amalizie matawi ya juu. Mtoto alisita. "Jini gani anataka asumini?" Masouda alimwambia. "Chuma zote, twende zetu."

"Mmechuma chake," Bi Khole alisema kwa sauti ndogo. "Naye anachuma chenu. Akimaliza nywele, nna khofu hatosita hapo."

"Nimrudishie nini? Maua yashakauka."

"Si maua, wee. Kitu cha mwilini. Na atoe yule aliyeamrisha."

Masouda alichukua mkasi wa jikoni, akaenda gofuni mchana ule ule. Mti haukuwa na ua hata moja, lakini harufu ya asumini ilikuwa nzito hata ikamkaa kooni, na alipopiga magoti mbele ya shina akasikia nyuma yake ule mlio mdogo wa kikonyo kinapokatika, tik, kisha tena tik, karibu zaidi, naye hakugeuka, akashika msuko wake na kuukata, akaufunga kwenye shina mafundo matatu, na huku nyuma mlio unasogea, tik, tik, mpaka ukawa begani kwake.

"Mtoto hana kosa," alinong'ona. "Nilimwamrisha mie. Ukitaka kuchuma, chuma kwangu. Kwake usirudi tena."

Mlio ukakoma. Kisha nywele zilizobaki kisogoni zikainuliwa taratibu, kama mtu anayeinua tawi kutazama yaliyobaki chini yake.

Wiki tatu zikapita bila kikuba. Nyuma ya sikio la Bashayer nywele zikaanza kuota, ngumu na fupi. Bi Khole akarudia tamthilia yake.

Alkhamisi moja Masouda aliamka baada ya usingizi wa mchana. Harufu ilimfikia kabla hajafungua macho. Kikuba kilikuwa juu ya mto wake yeye. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha: asumini mbichi, na katikati yake umepita unywele mmoja wa mvi.

Alikwenda chumbani kwa Bashayer, akampapasa kichwa chote. Nywele zilikuwa kamili. Ndipo akapeleka mkono nyuma ya sikio lake mwenyewe, akapakuta laini.

"Haya," alisema, na safari hii hakunong'ona.

Akakitia kikuba pipani, akafunga mtandio vizuri, akaenda kuwaamsha watoto. Wakati wa chuo cha Kurani ulikuwa umefika.